Kigelegele cha Bi Somoe

Kampuni ya simu ilitaka mlio wa ujumbe utakaomfanya kila mtu atabasamu. Salha, mtengeneza milio, alihangaika na vinanda hadi akachoka, akaishia kumrekodi shangazi yake, Bi Somoe, akipiga kigelegele. Kampuni ikafurahi mno. Hakuna aliyekumbuka kwamba watu hutumiana ujumbe hata msibani.

Na msiba wa kwanza ukawa wa Bi Somoe mwenyewe. Sheikh alikuwa katikati ya dua pale simu ya mume wa marehemu, Mzee Makame, ilipopokea rambirambi. Kigelegele cha marehemu kikalipuka jamvini. Kikafuata kingine. Sheikh akasahau alipofikia. Salha akachomoka upande wa wanawake, kanga ikimdondoka.

“Nipe niizime, mzee wangu! Aibu gani hii!”

Mzee akaikumbatia simu. “Muache. Alipokuwa hai, nani aliwahi kumnyamazisha?”

Wakasubiri. Simu ikawa kimya. Mzee akaitazama, akaitikisa kama saa iliyosimama, uso ukaanza kumnywea.

Sheikh akakohoa, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa simu yake na kuanza kuandika.