Mwaka Bila Swali

Jukwaa la mtandaoni la mtaa lilimtia Mwanahawa hatiani kwa uchokozi, eti kwa kuwa aliuliza mara tatu ni nani aliyepima maji ya kisima kipya. Mumewe, Hamdani, naye aliunga mkono hukumu hiyo. Adhabu ni mwaka mzima bila swali. Kidude alichovishwa shingoni humkata sauti kila anapouliza. Hata "hujambo" huishia kooni.

Leo Hamdani amerudi kutoka hospitali na bahasha ya majibu ya vipimo vyake, naye tangu zamani si mtu wa kusema mpaka aulizwe.

"Karibu, Baba Zuhura. Nakusikiliza," Mwanahawa akamwambia mumewe.

Hamdani akaigeuzageuza bahasha kitambo kirefu.

"Daktari ameniuliza lile swali lako la kisima," akasema hatimaye.

Mwanahawa akafungua mdomo amuulize alimjibu nini daktari. Sauti haikutoka.