Picha Iliyobaki

Eda ilipokwisha, Mwanaheri alivaa kanga ya rangi, akaenda kwenye mabwawa ya chumvi na kamera ya marehemu mumewe. Mkanda ulikuwa umebakiza picha moja. Nyingine zote alizipiga marehemu hapo hapo mabwawani, na hakuna aliyewahi kuziona.

Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wamesimama majini, wekunduwekundu.

"Piga basi, wifi," alihimiza Fathiya, dada wa marehemu. "Watatukimbia hao."

"Nikipiga, ndiyo nimeimaliza kazi yake."

"Na usipopiga, mkanda utasafishwa lini tuzione zake?"

Ndege mmoja akakunjua mbawa. Mwanaheri akabonyeza.

Kamera ikaanza kunguruma yenyewe, ikirudisha mkanda nyuma. Akaikumbatia kifuani, nayo ikatetemeka pale kama kifaranga.