Picha ya Pili

Wafubwa ndiye aliyetaka simu itolewe. Alikuwa amekuja Bumula kumposea mwanawe, na alikwishawaambia wakwe kwamba yeye ni mfanyabiashara wa mahindi Kitale.

"Si mtafute habari ya mahindi kwa gazeti, huko kwa simu," alijigamba. "Mimi niko hapo juu."

Baba wa msichana akaifungua habari kwenye simu yake. Kweli alikuwepo pichani, amesimama kando ya magunia na koti la kuazima, kama tajiri. Wazee wakaguna kwa heshima.

"Kumbe picha ziko kumi, bana," akasema baba wa msichana. "Unasukuma tu hivi."

Wafubwa hakulijua hilo. Yeye alikuwa ameonyeshwa ile moja tu.

Kidole kikasukuma. Akatokea tena, bila koti, amepiga magoti chini ya lori, anafagia punje zilizomwagika na kuzizoa kwenye mkebe, mchanga na yote.

Baba wa msichana akasukuma upesi mpaka picha nyingine, akauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

"Hebu rudisha ile," akasema nyanya wa msichana, akivaa miwani. "Huyo mzee wa ufagio sijamwona vizuri."