Fundo la Nne

"Uzi wako huu hapa, mwanangu," alisema yule mama, kuhani wa kundi lao, akauweka kando ya kikombe cha chai. "Ukitaka kututoka, nenda kwa amani. Mimi sina fundo moyoni."

Tamsin aliuchukua kwa vidole vya baridi. Uzi mwekundu, urefu wake yeye, utosi hadi kisigino. Siku alipoingizwa katika dini ya Wika, ya wachawi wa Kizungu, alifungwa kitambaa machoni, akapimwa kwa uzi huo, na kila kipimo kikapigwa fundo: paji la uso, moyo, kiuno. Miaka sita ulikaa kwa kuhani, rehani ya kwamba hatazitoa siri zao.

Na siri hizo Tamsin alikwisha kummwagia kasisi wa kanisani jana, wawili tu, mlango umefungwa.

"Nitauchoma," alisema.

"Uchome. Kunywa chai, inapoa."

Nje shakwe walipiga kelele juu ya mapaa ya mji wa Penzance. Tamsin aliushusha uzi chini ya meza, akauhesabu kwa kidole gumba. Paji la uso. Kidole kikakwama upesi mno. Akarudia tangu mwanzo, polepole, na kidole kikakwama palepale. Kabla ya kufika moyoni palikuwa na fundo jipya, dogo kama punje ya mtama, limekazwa kwa meno.

Pale ndipo penye koo.

Alifungua kinywa aulize; sauti haikutoka.

"Sema, mwanangu," kuhani alimwambia kwa upole, akimsogezea kikombe. "Mbona jana ulikuwa na maneno mengi?"