Mheshimiwa Mama Rukia

Siku hizi hatupangi foleni kupiga kura. Kila nyumba ina kidude ukutani, na lolote unalosema kuhusu serikali, chenyewe kinalihesabu kuwa kura yako. Jumapili mke wangu alilisha ukoo mzima kwa nusu kilo ya nyama, nami kwa shibe nikaropoka: “Mama Rukia angefaa kuwa waziri wa fedha!” Wageni wakacheka, wakaurudia utani huo makwao, mpaka ukaenea nchi nzima. Ijumaa gari la bendera likaja kumchukua, tukapiga vigelegele.

Jioni alirudi, akanimiminia chai. Haikuwa na sukari hata chembe.

“Chai vipi, Baba Rukia?”

Nikafungua mdomo. Kidude kikawasha taa.

“Tamu sana, Mheshimiwa.”