Mkanda Mchakavu wa Bi Tausi

Bi Tausi aliushika mkanda wake wa filamu kwa mikono miwili huku Sudi, mwenye duka la video, akimwonyesha kwenye televisheni filamu ile ile iliyosafishwa upya.

"Tazama, mama! Inang'aa kama kioo. Niachie huo mchakavu, uchukue diski hii mpya."

Iling'aa kweli, kiasi cha kutia kichefuchefu. Jambazi mkuu, ambaye siku zote alikuwa na makovu usoni, sasa alikuwa laini kama sahani ya plastiki iliyopakwa mafuta.

Ila sikio la Bi Tausi lilikuwa likingoja mahali pamoja. Marehemu mumewe alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video, akiwasimulia watazamaji kwa Kiswahili, na mkanda ule ulikuwa na sauti yake. Jambazi anapopanda farasi, mumewe hukohoa, kisha hucheka: "Mwoneni mshenzi huyu, hata kupanda hajui!"

Jambazi akapanda farasi. Ukasikika muziki mtupu.

"Na yule anayesimulia yuko wapi?"

"Zile kelele?" Sudi alicheka. "Zimefutwa zote, mama. Hazitakukera tena."

"Mtu mzima na heshima zake mnamfuta kama kamasi," Bi Tausi alisema, "halafu unanichekea!"

Akaufunga mkanda ndani ya khanga, akatoka. Nyuma yake, kwenye kioo kisicho na doa, jambazi alikuwa akisema kwa hasira katika lugha yake ya kigeni, wala dukani hapakuwa na mtu aliyemwelewa.