Bitana ya Koti

Tangu vita viishe, miaka kumi na miwili, Kidawa alihama mji hadi mji na cherehani yake, akitangaza kwamba anashona upya makoti yaliyochakaa. Mateka aliyetoroka ndiye aliyemletea maneno ya mwisho ya baba yake, fundi kama yeye: "Kamanda wa kambi kanipa koti lake nilitie bitana. Nimetarizi ndani majina ya aliowaua. Langu nimeliweka mwisho, maana zamu yangu inakuja."

Jumatatu, Mzee Mlekwa, muuza asali aliyependwa na mji mzima, alileta koti zito la kijani.

"Lipunguze kiuno tu, mwanangu. Koti hili siliachi mpaka kufa."

Alipoondoka, Kidawa alifumua mshono, akaona uzi mwekundu. Aliketi sakafuni, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Alhamisi mzee alirudi. Wanaume wawili walikuwa benchini, pingu mifukoni.

"Livae tulitazame, baba," Kidawa alisema, akimshikia koti kwa nyuma.

Mzee akajitazama kiooni, akatabasamu. Kifuani lilimkaa sawasawa. Mgongoni, Kidawa alikuwa ameigeuzia bitana nje.

Mmoja wa wale wanaume akasimama, akaanza kusoma mgongo ule kwa sauti. Majina thelathini na moja. Kiooni, tabasamu lilikuwa limekwisha kabla ya jina la tatu. Lilipobaki moja, msomaji akanyamaza, akamwangalia fundi.

Kidawa akalitaja kwa sauti ya kufika barabarani. Ng'ambo dirisha likafunguka, kisha la pili, kisha la tatu.